Kimya Kingi Kina Mshindo

Mtu akimtukana mwenzake, wasikilizaji humtaka alete ushahidi. Akimsifu, aghalabu hakuna amwulizaye neno. Ndivyo sifa ipatavyo kupita mlangoni bila kupekuliwa. Mhakiki hana ruhusa ya kuwa bawabu wa namna hiyo. Kazi yake ni kuisimamisha kila kauli, ya sifa na ya lawama, aiulize imetoka wapi, imebeba nini na imeacha nini nyuma. Katika insha hii, msomaji, nataka tulisimamishe neno moja tu la sifa, ambalo ni nadra kulikosa katika maandishi ya wasafiri waelezao visiwa vya nchi za joto. Neno lenyewe ni kimya.

Utalikuta neno hilo pamoja na ndugu zake. Kisiwa kimelala, saa imesimama, dunia imepasahau mahali hapo. Maneno hayo yamekwisha kusemwa juu ya visiwa vingi mno vya bahari zote, hata mtu hawezi tena kujua kisiwa kipi kinaelezwa mpaka asome jina lake. Hiyo peke yake ni dalili mbaya, kwa maana maelezo yafaayo kila mahali hayajaeleza mahali popote. Lakini tusihukumu kwa jumla. Na tuchukue kisiwa kimoja kilichoitwa kimya, tukipime neno hilo juu yake, tuone kama linamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo au kama nguo ya kuazima.

Kisiwa nilichokichagua ni Mafia. Kiko katika nchi ya Tanzania, kusini ya Dar es Salaam, mkabala wa mahali ambapo mto Rufiji hugawanyika matawi mengi kabla ya kumimina maji yake baharini. Urefu wake wapata kilomita 50. Mji wake mkuu ni Kilindoni, upande wa magharibi. Upande wa kusini-mashariki vimo visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, ambavyo pamoja na kisiwa kikubwa huikinga ghuba ya Chole na mawimbi ya bahari kuu. Wenyeji wake huishi kwa uvuvi, kilimo na minazi. Wageni huja kwa mambo matatu: kuzamia penye matumbawe, kutazama wanyama, na kuona magofu ya miji ya kale. Nimekichagua kwa sababu katika kila moja la mambo hayo matatu neno kimya hutumika, na katika kila moja huficha kitu kingine.

Kwanza na tuwatendee haki waandishi wenyewe. Wengi wao si waongo. Mchanga wausifuo ni mweupe kweli, na magari ni machache kweli. Hata mzaha wao wa kwanza ni mdogo tu: hucheka jina la kisiwa kwa kuwa lafanana na la genge la wahalifu wa Italia, hali Wareno walikuwa wakiliandika jina la kisiwa hiki, kwa tahajia yao ya Monfia, tangu karne ya 16, zamani kabla ya genge hilo kujulikana. Kasoro yao ni nyingine. Wamejiweka katikati ya picha, na kila kisichofika kwenye macho na masikio yao wamekiandika kuwa hakipo. Mtu atokaye mjini, masikio yake yamejaa kelele za barabara. Azikosapo kelele hizo husema hapana sauti. Amesema kweli juu ya masikio yake. Juu ya kisiwa hajasema kitu bado.

Na tuanze na bahari. Ikiwa twataka kujua neno kimya liliingiaje katika habari za kuzamia, yatupasa kurudi kwa Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini. Mwaka 1943 yeye na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza chombo kilichomwezesha mzamiaji kubeba hewa yake mgongoni na kuogelea huru, bila ya kufungwa kwa mpira kwenye meli. Mwaka 1953 alitoa kitabu, akishirikiana na mwenzake Frédéric Dumas, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Ulimwengu wa Kimya. Mwaka 1956 ikatoka filamu yenye jina hilohilo, aliyoiongoza pamoja na Louis Malle. Filamu hiyo ilipata tuzo kubwa kuliko zote katika tamasha la Cannes, na baadaye ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Sehemu yake ilipigwa katika Bahari ya Hindi hii hii yetu.

Sifa za filamu hiyo si za kubishania. Watu wasiohesabika ambao hawakupata kuona chini ya bahari waliona rangi za matumbawe, mwendo wa samaki katika makundi yao, na wanadamu wakielea kama ndege. Mhakiki asiyeweza kuukiri uzuri huo hafai kuhakiki. Lakini mhakiki hatazami uzuri peke yake. Hutazama pia kile ambacho watu waliomo katika hadithi wanafikiri kuwa wana haki ya kukitenda. Katika filamu hiyo wazamiaji wanalipua baruti karibu na mwamba, kisha wanaokota samaki waliokufa ili wazihesabu aina zao. Meli inamjeruhi ndama wa nyangumi kwa rafadha. Papa wanakusanyika kumla, na mabaharia, kwa hasira, wanawavuta papa hao juu ya meli na kuwaua. Watu wanamshika kasa baharini ili awaburure, na nchi kavu wanawakalia kobe wakubwa kama viti. Na katika yote hayo filamu haionyeshi kuona haya.

Je, mambo haya yana uhusiano gani na jina la filamu? Kwa rai yangu yana uhusiano mkubwa. Kitu kilichokwisha kuitwa kimya hakiulizwi maoni yake. Ukikipa chumba jina la chumba kitupu, hutabisha hodi kabla ya kuingia. Cousteau mwenyewe baadaye alibadilika, akawa miongoni mwa watetezi wa bahari waliosikilizwa sana duniani, na jambo hilo ni heshima kwake. Lakini jina alilolitia katika vinywa vya watu lilibaki, na hadi leo wauzao safari za kuzamia hulitumia.

Na jina lenyewe si kweli. Sauti husafiri katika maji kwa kasi ya mita zipatazo 1,500 kwa nukta moja, yaani zaidi ya mara nne ya kasi yake katika hewa. Mwamba wenye uhai una kelele mchana na usiku. Wako kamba wadogo ambao hufumba gando lao kwa nguvu, likatoa mlio mkali, na milio ya maelfu yao pamoja ni kama kuni mbichi zinazoalika motoni. Pono huguguna mwamba kwa meno yake, na mgugunaji husikika. Chewa hunguruma. Wataalamu wameonyesha ya kuwa samaki wachanga, ambao wamezaliwa na kuchukuliwa na maji mbali, huzifuata kelele hizo ili wapate mwamba wa kukaa. Kwao kelele ya mwamba ni kama adhana au kengele ya kijiji: huwaita nyumbani. Sasa fikiri, msomaji, maana ya mwamba ambao umenyamaza kweli. Huo ni mwamba uliokufa. Baruti ya wavuvi haramu iliisumbua pwani ya Tanzania kwa miaka mingi, na maji ya Mafia hayakusalimika; na mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya huko yaligeuka meupe na kufa. Basi mwenye kuusifia mwamba wa Mafia kimya chake, kama angalijua, amemwombea mgonjwa mauti.

Jambo la pili ni wanyama. Mgeni wa Mafia huambiwa asikose kumwona samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Watu wa Mafia humwita potwe. Katika pwani ya Kenya wako wamwitao papa shilingi, kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake kama sarafu. Ijapokuwa ni mkubwa kupita mashua nyingi, chakula chake ni uduvi na viumbe wengine wadogo waeleao majini, na hana madhara kwa mtu. Kuanzia kama mwezi wa Oktoba hata Februari au Machi, potwe huonekana juu ya maji karibu na Kilindoni, na mashua huwachukua wageni kwenda kuogelea kando yake. Baada ya miezi hiyo haonekani tena. Kwa hiyo kwa muda mrefu iliandikwa kwamba huondoka, akaenda bahari za mbali, na ghuba hubaki tupu hadi msimu mwingine.

Maelezo hayo yalikuwa na sura ya ukweli. Lakini watafiti wakaamua kuacha kutegemea macho. Waliwafunga potwe vifaa vidogo vitoavyo mlio, wakaweka vipokezi chini ya maji, kisha wakasikiliza mwaka mzima na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: wengi wa potwe hao hawakuwa wameondoka hata kidogo. Walikuwa wamo mumo humo katika maji ya Mafia, ila katika miezi hiyo walikaa mbali zaidi na pwani na kwenye kina kirefu zaidi, mahali ambapo mtu aliye juu ya mashua hawezi kuwaona. Na ukumbuke walivyogunduliwa: kwa kusikilizwa. Aliyesema ghuba ni tupu alikuwa ameandika habari za upeo wa macho yake, akaziita habari za samaki. Mfano huu nataka uukariri, kwa kuwa utakufaa hata usipokanyaga Mafia maisha yako yote. Kutokuona kwangu na kutokuwepo kwako ni mambo mawili.

Katika kisiwa cha Chole yupo mnyama mwingine, ambaye huandikwa katika vitabu vya mwongozo kwa mstari mmoja tu. Ni popo mkubwa alaye matunda, ambaye mchana huning'inia mitini kwa makundi. Mwandishi wa haraka humtaja kuwa kioja, akaendelea na safari yake. Lau angaliuliza swali moja zaidi angalipata hazina. Popo wa jamaa hiyo asili yao ni mashariki, huko Asia na visiwa vya bahari kubwa. Wamevuka bahari kisiwa kwa kisiwa mpaka Komoro, Pemba na Mafia; na ijapokuwa bara la Afrika lipo karibu nao kiasi cha kuonekana, hawakufanya maskani humo. Popo wa Chole ni wa aina moja na popo wa Komoro. Basi mnyama huyo ni kama hati ya kale: anasema kwamba Mafia, kabla haijawa ya mtu yeyote, ilikuwa na ndugu zake upande wa maawio ya jua. Habari hiyo ilikuwa juu ya kichwa cha mgeni, mtini, nayo ilikuwa ikipiga kelele. Maana popo hao si watu wa kunyamaza.

Sasa tufike kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo zito zaidi, nalo ni historia. Juu ya magofu neno kimya hutumika kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Katika kisiwa cha Juani yako magofu ya mji wa Kua: misikiti, makaburi, nyumba za mawe, na jumba kubwa lisemwalo kuwa la mtawala. Katika rasi ya magharibi ya kisiwa kikubwa ulikuwako mji wa kale zaidi, Kisimani, ambao sehemu yake imekwisha kuliwa na bahari. Sarafu za masultani wa Kilwa zilizookotwa huko zashuhudia biashara iliyokuwa ikipita. Msafiri akifika Kua huandika: mawe yamenyamaza, mwitu umetawala, amani tupu. Ni sentensi nzuri ya kusoma. Lakini kwa nini Kua pamenyamaza? Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walivuka bahari kwa mitumbwi yao, wakaushambulia mji huo, wakaua watu na kuwachukua wengine utumwani. Mji haukuinuka tena. Kimya cha Kua ni kimya cha nyumba iliyovamiwa na majambazi usiku. Mtu hawezi kukiita amani kabla ya kuuliza wenyewe wamekwenda wapi.

Wenyeji nao wana hadithi yao, na ni haki tuipime kwa mizani ile ile. Husimulia kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Katikati ya sherehe wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, wakalipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka, hata tukio likaonekana limesahauliwa, ndipo wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi. Wakawaingiza katika chumba cha chini ya ardhi, karamu ikaendelea, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja. Kisha mlango ukajengwa kwa mawe, na wageni wakafia humo.

Je, tuisadiki? Mhakiki mwangalifu ataona kwamba hadithi hii imepangwa vizuri mno: karamu kwa karamu, hila kwa hila, watoto kwa wazazi. Maisha hayapangiki hivyo mara nyingi, bali hadithi hupangika. Kwa hiyo haitufai kuwa taarifa ya mambo yalivyotukia. Lakini kuitupa kwa sababu hiyo kungekuwa ujinga wa namna nyingine. Hadithi hii inajua mambo ambayo mwandishi wa mwongozo hayajui. Inajua kwamba hapo palikuwa na miji miwili, mmoja ukiuonea mwingine wivu. Kwamba utajiri wake ulitegemea vyombo vya bahari. Kwamba palikuwa na majumba ya mawe na mafundi wa kuyajenga. Tena, juu ya neno letu lenyewe, inajua kuliko sisi sote. Watu wa Kua walinyamaza, na watu wa Kisimani walikidhani kimya hicho kuwa ni msamaha. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo, na hadithi hii ni tafsiri ya methali hiyo kwa damu na mawe.

Hata hivyo kumbukumbu za wenyeji pia zina mahali zinaponyamaza. Baada ya Kua kuanguka, Chole ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa visiwa hivi, chini ya utawala wa Zanzibar. Matajiri walipanda minazi mingi, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa waliotolewa bara. Mwaka 1890 Mafia pamoja na pwani iliyo mkabala wake ilipita kwa Wajerumani, ambao walimlipa Sultani wa Zanzibar mark milioni 4 kwa milki yake ya pwani. Watu waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Wajerumani walijenga Chole, kisha mwaka 1913 wakayahamishia makao yao Kilindoni. Utumwa haukufutwa na sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Leo magofu ya Chole yamekumbatiwa na mizizi ya miti mikubwa, na kila mgeni huyapiga picha, kwani yapendeza kweli. Mwongozo husifu mizizi. Mwenye nasaba ya watumwa huenda asitake kuitaja, na mwenye nasaba ya mabwana vivyo hivyo. Hapo mgeni na mwenyeji hushirikiana kunyamaza, kila mmoja kwa haja yake. Mwandishi mwaminifu ni yule atazamaye ukuta mzuri, akauliza mawe yake yalibebwa na mabega ya nani.

Tena iko vita. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, kwa sababu manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha manowari yao Pegasus bandarini Zanzibar mwezi wa Septemba 1914, ilikuwa imejificha katika matawi ya Rufiji. Wakasafisha uwanja katika kisiwa, na ndege zikaruka kutoka hapo kwenda kuitafuta manowari hiyo na kuielekeza mizinga, mpaka ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wakati ambapo watu wengi wa Afrika Mashariki hawajapata kuona ndege kwa macho yao, watu wa Mafia walikuwa wakizisikia zikipita juu ya minazi yao. Ndicho kisiwa ambacho, kwa maneno ya vitabu, dunia ilikisahau.

Pengine utaniambia, msomaji: haya yote ni mambo yaliyopita, na mgeni aliyelipa nauli yake anataka kupumzika, kwa nini atwishwe mzigo wa Kua na wa watumwa? Hoja hiyo ina haki ndani yake. Mtu anayeogelea hana wajibu wa kulia. Lakini neno kimya halikai vitabuni tu. Hutoka likaenda kufanya kazi katika maisha ya watu waliopo.

Mwaka 1995 ilianzishwa katika Mafia hifadhi ya bahari iliyo ya kwanza kwa Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Vijiji vyenye watu vimo ndani ya mipaka yake. Mtaalamu wa mila za watu kutoka Marekani, Christine Walley, aliyekaa Chole, alitoa mwaka 2004 kitabu juu ya hifadhi hiyo, na kwa mtazamo wangu kitabu hicho ni mfano wa jinsi mgeni anavyoweza kuandika vyema. Anaonyesha kwamba wakazi wengi hapo mwanzo waliiunga mkono hifadhi, maana walitumaini kuwa itawazuia watu wa baruti watokao nje. Baadaye wengi wao waliona kwamba maamuzi yanafanywa bila wao, na kwamba masharti ya nyavu na maeneo yanawabana wao wenyewe. Wote waliokuwa wakibishana walisema wanaitetea bahari. Mabishano yalikuwa juu ya nani ahesabiwe kuwa anaijua.

Hapo ndipo lugha ya wasafiri inapokuwa na uzito. Kama kwa miaka mingi ghuba imeelezwa kuwa ni maji matupu, safi, yasiyoguswa, basi mvuvi atokeaye na ngalawa yake asubuhi huonekana kuwa ndiye mgeni aliyeingia katika picha na kuiharibu. Lakini watu wa Jibondo, ambao kisiwa chao kina shida ya maji ya kunywa na tegemeo lao kubwa ni bahari, huijua miamba hiyo kwa majina, kama wewe uyajuavyo majina ya njia za kwenu. Hifadhi ni kitu chema, na baruti ni adui wa wote. Lakini hifadhi iliyojengwa juu ya picha ya kisiwa kitupu itagombana na watu siku zote, kwa sababu picha yenyewe ina kosa.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba mwenyeji daima huona na mgeni daima ni kipofu. Umekwisha kuona kinyume chake. Vifaa vya watafiti vilisikia jambo juu ya potwe ambalo macho juu ya mashua hayakuweza kulithibitisha. Chombo cha Cousteau kilifungua mlango ambao pumzi ya mtu haiwezi kuufikia. Na kumbukumbu ya mwenyeji ina vyumba vilivyofungwa. Kipimo cha maelezo mema si pahali alipozaliwa mwandishi. Kipimo ni kama ametambua mahali ambapo masikio yake yanakoma, na kama amefanya bidii ya kuuliza kilichoko mbele ya hapo.

Nakueleza haya kwa kuwa wewe pia ni mwandishi. Mwalimu wako atakutaka, kama hajakutaka bado, uandike insha juu ya safari au juu ya mahali upapendapo. Huenda ukachagua Lamu, au Wasini, au kisiwa cha Rusinga katika ziwa, au kilima cha kwenu. Jaribu litakuwa kubwa la kuandika kama kijitabu cha wageni: jua linazama, upepo unavuma taratibu, pote ni kimya. Utapata sentensi laini, na utakuwa umewafuta watu wa kwenu kwa mkono wako mwenyewe. Kabla hujaliandika neno hilo, jiulize maswali matatu. Je, hapa pana kimya, au mimi ndiye nisiyesikia? Kama pana kimya kweli, kimeletwa na nini: usingizi, hofu, kifo, au heshima? Na je, yuko nani ambaye nikikiita kimya hiki amani, ataumia?

Usipopata majibu, acha neno hilo, andika ulichokisikia: jina la samaki aliyeuzwa asubuhi, bei iliyobishaniwa, methali aliyoitumia bibi, mlio wa popo mtini. Msomaji wako atapajua mahali hapo, na hatapachanganya na mahali pengine. Na siku utakayofika Mafia, ukatia kichwa chako chini ya maji ya ghuba ya Chole, tulia kidogo kabla ya kutazama. Zuia pumzi, usikilize. Utasikia mwamba ukialika kama moto wa kuni mbichi, na utajua ya kuwa umeingia katika nyumba ya watu.